Kupima Sukari ya Damu

Likizo iliyopita nilikabidhiwa kazi moja nyumbani kwetu Muheza: kumpima bibi yangu sukari ya damu kila asubuhi. Bibi ana kisukari aina ya pili, na macho yake hayazioni vema tarakimu ndogo za kipimo. Nilidhani kazi hiyo ni nyepesi, maana nasoma baiolojia. Kumbe nilikuwa na mengi ya kujifunza, na moja katika hayo nilijifunza kwa aibu. Nataka kuwaeleza, kwa kuwa wengi wetu tuna wazee wenye maradhi haya.

Kwanza tujue sukari hiyo ni nini. Vyakula vya wanga, kama ugali, wali, muhogo na chapati, huvunjwavunjwa tumboni vikawa glukosi, nayo huingia katika damu. Mtu mzima ana damu kiasi cha lita 5. Akiwa na afya, na hajala tangu usiku, glukosi yote iliyomo katika damu hiyo ni kama kijiko kimoja tu cha chai! Kazi ya kulinda kiasi hicho ni ya kongosho, ambalo hutoa insulini. Insulini ni mfano wa ufunguo: hufungua seli za mwili ili sukari iingie na kutumika. Katika kisukari aina ya pili, seli haziitikii ufunguo huo ipasavyo, na kongosho nalo huchoka kadiri miaka ipitavyo. Basi sukari hubaki katika damu, na polepole huharibu macho, figo, moyo, na mishipa ya fahamu ya miguu.

Zamani watu waliyatambua maradhi haya kwa sisimizi waliokusanyika penye mkojo. Baadaye madaktari walitumia dawa ya Benedict, ile ile tuichemshayo katika maabara: ni ya buluu, na ikikutana na glukosi hugeuka kijani, manjano, hata rangi ya matofali. Lakini kwa kawaida figo haziachi sukari ipite mpaka ifike kama 10 katika damu. Kwa hiyo mkojo hutoa habari kwa kuchelewa. Ndiyo sababu siku hizi hupimwa damu yenyewe.

Namba hizo, hapa kwetu, ni milimoli kwa lita moja ya damu. Mtu mwenye afya ambaye hajala tangu usiku huwa chini ya 6.1. Ikifika 7.0 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikathibitisha, huyo ana kisukari. Kwa mtu mzima aliyekwisha kuugua, madaktari wengi hupenda awe kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kuanza kula. Lakini wazee aghalabu huwekewa lengo lililolegezwa kidogo. Kila mgonjwa na amwulize daktari wake.

Sasa kupima kwenyewe. Mgonjwa anawe mikono kwa sabuni na kuikausha. Siku ya tatu bibi alikuwa amemenya machungwa, nami nikamchoma kidole bila kumnawisha. Kipimo kikasema 17.8! Nikataka kukimbilia hospitali. Mama akasema, "Mnawishe kwanza." Tukarudia, ikawa 9.1. Kumbe nilikuwa nimepima chungwa. Tena, choma ubavuni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni kidogo. Usikikamue kwa nguvu. Vijiti vya kupimia vikae katika kopo lake lililofungwa, na tarehe yake isiwe imepita. Kila namba iandikwe daftarini pamoja na saa na chakula.

Hapo kwenye daftari ndipo nilipokosea. Namba ikiwa 7 nilisema, "Hongera, bibi." Ikiwa 11 niliiandika kwa wino mwekundu, kisha nikamwuliza mbele ya watu, "Bibi, jana umekula nini tena?" Nilijiona mwalimu asahihishaye mtihani. Juma la pili namba zikashuka: 6.4, 5.9, 5.2. Nikajisifu moyoni.

Alfajiri moja nikamkuta bibi ameketi kitandani anatetemeka, jasho linamtoka, na maneno yake hayaeleweki. Nikapima: 3.1. Chini ya 4 ni hatari kwa mtu atumiaye dawa za kushusha sukari. Kwa kuwa alikuwa macho na aliweza kumeza, tulimpa maji yenye vijiko vitatu vya sukari, tukangoja dakika 15, tukapima tena: 4.6. Ndipo tukampa uji. (Aliyezimia asinyweshwe kitu, maana kitampalia, apelekwe hospitali mara moja.)

Alipopata nguvu aliniambia, "Mume wangu, nilichoka kugombezwa. Nikawa silali na chakula, ili asubuhi uipate namba uipendayo." Vidonge vya jioni alikuwa akivimeza kama kawaida, na tumbo tupu. Sikuwa na la kujibu.

Tukampeleka kliniki siku ile ile. Muuguzi hakumgombeza. Alimfanyia kipimo kiitwacho HbA1c, ambacho huonyesha ni sehemu gani ya himoglobini imeshikwa na sukari. Chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, kwa hiyo kipimo hiki hueleza hali ya miezi miwili mitatu iliyopita. (Mwenye selimundu au upungufu wa damu hupimwa kwa njia nyingine, maana kinaweza kumdanganya.) Kwa wagonjwa wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Bibi alipata 9.2. Asubuhi chache za njaa hazikuweza kuficha miezi mitatu, kama vile kukesha usiku mmoja kusivyoweza kuficha muhula mzima wa uvivu.

Daktari akabadili dawa. Muuguzi akaniambia, "Kijana, namba hii haimhukumu bibi yako. Inatuambia sisi tufanye nini." Akatushauri tupime mara nyingine saa mbili baada ya chakula cha mchana. Tukaona kwamba muhogo na chai ya sukari vilimfikisha 13.2. Siku ya pili tulipunguza muhogo, tukaongeza mchicha na maharage, chai ikawa kavu, na baada ya kula akatembea mpaka shambani na kurudi: 9.4. Bibi mwenyewe akacheka, akasema, "Kumbe kidude hiki kina maana!"

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humfichua. Ni kweli, lakini tujiulize pia ni nani aliyemfanya mgonjwa afiche. Ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee mwenye kisukari, mpimie kwa heshima, andika namba ilivyo, nzuri au mbaya, na mpeleke kliniki na daftari lake. Mimi wino mwekundu nimeuacha.

Mwanafunzi, Kidato cha III