Barua ya mfadhili: tumesifiwa au tumenyimwa?

*Mwalimu, kikundi chetu cha akina mama hapa Tengeru kiliomba fedha za kitalu cha miche. Mfadhili amejibu kwa Kiingereza kwamba lengo letu ni "laudable". Kamusi inasema ni kustahili sifa. Tusherehekee? – Mama Kitalu*

Kamusi haikukudanganya, ila msichinje mbuzi bado. Neno hilo la asili ya Kilatini husifu zaidi nia kuliko kazi iliyokwisha kufanyika. Ndiyo maana huandamana na lengo, juhudi au azma, na mara nyingi "lakini" hulifuata nyuma. Baadhi ya wanaoandika kwa Kiingereza juu ya Azimio la Arusha la 1967 husifu lengo la usawa kwa neno hilihili, kisha hugeukia matokeo. Utasema sifa ni sifa. Kweli, wala si kejeli. Lakini hata usaha uliwahi kuitwa "laudable". Kabla Joseph Lister hajatangaza mwaka 1867 matumizi ya dawa ya kuua vijidudu, madaktari wengi wa Ulaya waliuona usaha mzito kuwa dalili njema ya kidonda kupona. Sifa ilikuwa ya dhati, na wagonjwa wengine wakafa vilevile.

Kwa hiyo isomeni aya inayofuata. Ikiwa haina kiasi wala tarehe, andikeni kwa adabu mkiuliza hatua iliyobaki. Msiandike "laudatory" mkidhani ni neno lilelile. Hilo ni la maneno yanayotoa sifa, kama hotuba ya kumuaga mstaafu.