Tulinde Mikono ya Mafundi Wetu

Familia nyingi hupata chakula na ada ya shule kwa mikono ya fundi seremala. Siku hizi mafundi wengi hutumia msumeno wa umeme wa kukatia pembe, ule unaoshushwa juu ya ubao kwa mkono. Meno yanayokata mninga hayashindwi na kidole. Fundi anaweza kuumia si wakati wa kukata mbao tu, bali hata anapobadilisha diski ya meno. Mwezi huu tujifunze namna ya kuibadilisha kwa usalama.

Ajali hutokeaje?

Mara nyingi mashine huachwa ndani ya soketi. Fundi anaposhika mkono wa mashine, kidole hubonyeza swichi bila kukusudia. Wengine hubadilisha diski umeme ukiwa umekatika, wakidhani hakuna hatari. Umeme haupigi hodi unaporudi.

Hatua za kufuata

1. Chomoa plagi na uiweke mahali unapoiona. Kuzima swichi hakutoshi. Kama mashine ni ya betri, toa betri.

2. Subiri diski isimame kabisa na ipoe. Vaa glavu nene, kwa kuwa meno hukata hata yasipozunguka. Glavu hizo uzivue kabla ya kuwasha mashine, zisije zikanaswa.

3. Inua kinga ya diski. Bonyeza kitufe cha kuzuia shafti isizunguke, kisha fungua bolti kwa spana yake. Angalia: katika mashine nyingi za aina hii bolti hulegea kwa kuzungushwa kama mshale wa saa, kinyume cha bolti za kawaida. Asiyejua huzidi kuikaza kwa nguvu, spana huteleza, na mkono hugonga meno.

4. Toa washa ya nje na diski ya zamani. Futa vumbi.

5. Hakikisha diski mpya ina upana na tundu linalolingana na mashine. Kasi iliyoandikwa juu yake isiwe ndogo kuliko kasi ya mashine. Mshale wa diski uelekee sawa na mshale wa kinga.

6. Rudisha washa, kaza bolti, achia kitufe na rudisha kinga. Toa spana. Zungusha diski kwa mkono uone kama haigusi popote.

7. Vaa miwani ya kukinga macho, chomeka plagi, simama pembeni na iache mashine izunguke kidogo bila kukata kitu. Ikitetemeka, zima, chomoa plagi na ukague tena.

Mtu akijikata

Kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 bila kufunua, na inua mkono juu ya kiwango cha moyo. Vua pete kabla vidole havijavimba. Usipake mafuta ya taa, majivu, kahawa wala tumbaku.

Kidole kikikatika, usikitupe. Kifunge katika kitambaa safi chenye unyevu, kitie katika mfuko wa plastiki usiopitisha maji, kisha weka mfuko huo katika maji yenye barafu. Kidole kisiguse barafu yenyewe. Mpeleke mgonjwa hospitali mara moja pamoja na kidole chake, naye asile wala kunywa, kwa maana huenda akahitaji kupasuliwa.

Jeraha dogo lakini lenye kina au uchafu nalo lionwe na mganga. Pepopunda huweza kuingia hapo, na chanjo huizuia. Kama imepita miaka 5 tangu chanjo ya mwisho, au hukumbuki ulichanja lini, sema hivyo ukifika.

Akina mama, waulizeni mafundi wenu kama wana kitambaa safi na miwani kazini. Nanyi mafundi, msimwachie mwanafunzi kubadilisha diski peke yake kabla hajafundishwa. Kuchomoa plagi ni kazi ya sekunde moja; kidole kilichopotea hakioti tena.