Sheria ya Kuchinja Farasi na Funzo Lake Kwetu

Mwaka 2019, nilipokuwa darasa la tano, punda wetu aliibwa usiku. Asubuhi tulikuta kichwa na kwato zake kichakani. Ngozi na nyama vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa. Tangu siku ile mama alibeba maji kwa mgongo wake, mtungi mmoja mmoja, kwa muda wa miezi minane. Wazee husema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Punda wetu hakumpiga mtu teke, na shukrani aliyoipata kwa wanadamu ilikuwa kisu.

Nilimwuliza baba, "Kwa nini Serikali haikatazi?" Nilidhani kwamba sheria ni neno moja, likisemwa limekwisha. Mwaka huu nimesoma habari za Wamarekani na farasi wao, nikaona kwamba jambo lenyewe si jepesi hivyo. Nitajaribu kulieleza kwa ufupi.

Wamarekani wengi hawali farasi. Kwao ni mnyama wa kupandwa, wa mashindano na wa kuchungia ng'ombe, na wengine humpenda kama mtu wa nyumbani. Hata hivyo palikuwa na machinjio ya farasi nchini mwao, na nyama ilipelekwa ng'ambo, katika nchi kama Ufaransa, Ubelgiji na Japani. Watu waliopinga biashara hiyo walifuata njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa sheria za majimbo. Jimbo la Texas lilikataza kuuza nyama ya farasi kwa chakula cha watu tangu mwaka 1949. Katika jimbo la California wananchi wenyewe walipiga kura mwaka 1998, wakakataza. Lakini sheria ya Texas ililala usingizi. Machinjio mawili yaliendelea na kazi humo humo, mpaka mahakama ya rufani ilipoamua, Januari 2007, kwamba sheria ile ingali hai. Mwaka huo huo jimbo la Illinois nalo lilitunga sheria, na machinjio ya mwisho yakafungwa.

Njia ya pili ilikuwa ya werevu zaidi. Nyama haiwezi kuuzwa huko mpaka ikaguliwe na mkaguzi wa serikali na kupigwa muhuri. Basi mwaka 2005 Bunge la Marekani halikusema, "Msichinje." Lilisema tu kwamba fedha za umma zisitumiwe kuwalipa wakaguzi wa farasi. Pasipo mkaguzi hapana muhuri, na pasipo muhuri hapana biashara. Wenye machinjio waliomba kuilipa gharama hiyo wenyewe, na Wizara ya Kilimo ikakubali, lakini mahakama iliuvunja mpango huo mwaka 2007.

Je, farasi walipona? Hapa ndipo penye funzo. Farasi walipakiwa katika malori, wakavushwa mipaka kwenda Mexico na Canada, wakachinjwa huko. Ripoti ya wakaguzi wa Bunge lenyewe, iliyotolewa mwaka 2011, ilieleza kwamba mwaka 2010 walipelekwa farasi karibu 138,000, yaani karibu sawa na wale waliokuwa wakichinjwa nyumbani zamani. Mlango ulifungwa, lakini ua haukuwa na upande wa pili. Farasi alikufa vilevile, ila sasa baada ya safari ndefu zaidi.

Si kwamba hakuna aliyeliona jambo hilo. Mwaka 2006 Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa kukataza pia kuwasafirisha farasi kwa ajili ya kuchinjwa, kwa kura 263 dhidi ya 146. Seneti haikuupigia kura, na mswada ukafa. Miswada ya namna hiyo imeletwa tena mara nyingi, wala haijapata kuwa sheria. Tena katazo la fedha ni kitu dhaifu, maana bajeti huishi mwaka mmoja. Mwaka 2011 Bunge liliziruhusu tena fedha zile. Mwaka 2014 likazikata, kabla machinjio yoyote hayajafunguliwa.

Yafaa tuwasikilize na wenye kupinga katazo. Wao huuliza: farasi akizeeka au akivunjika mguu, maskini afanye nini? Kumwita daktari wa mifugo na kumzika mnyama mkubwa kama huyo ni gharama. Ripoti niliyoitaja ilisema kwamba farasi waliotupwa na wenyewe waliongezeka. Swali hilo ni la haki, na mtunga sheria hana budi kulijibu.

Sasa turudi kwetu. Hapa Kenya punda alihesabiwa miongoni mwa wanyama wa kuchinjwa kwa chakula tangu mwaka 1999. Kuanzia mwaka 2016 machinjio yalifunguliwa, na ngozi zikapelekwa China, ambako huchemshwa ili kutengeneza dawa iitwayo ejiao. Februari 2020 Waziri wa Kilimo alitangaza katazo. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ikaliondoa. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikutana Addis Ababa, wakakubaliana kukataza katika bara zima kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Hapo naona hekima ambayo Wamarekani waliikosa, maana mwizi hawezi kuvuka mpaka akapate soko. Lakini makubaliano ya wakuu si sheria mpaka kila nchi iyaandike katika vitabu vyake na kuwatuma watu wa kuyasimamia.

Basi, kama ningeulizwa leo swali nililomwuliza baba, ningejibu hivi: sheria ya kumlinda mnyama itungwe na Bunge, isiwe tangazo tu, ifunge mipaka pamoja na machinjio, na imsaidie mwenye mnyama mzee. Ikikosa moja katika hayo matatu, itamhamisha mnyama tu, haitamwokoa.

Mama amekwisha kununua punda mwingine. Usiku humfunga kwa mnyororo chini ya dirisha lake, na kila mbwa akibweka huamka kumtazama.