Noeli na Bonane: Kula kwa Furaha, Kula kwa Hesabu



Mwezi wa kumi na mbili umefika. Huku Butembo mvua bado inanyesha milimani, na huko Beni watu wanaulizana bei ya mchele na ya mbuzi. Kwa kawaida ukurasa huu unawaambia habari za kofia, viatu na vumbi. Mwezi huu tutazungumza juu ya sahani. Usicheke. Sahani nayo inaweza kumwangusha mtu.

Mwaka mmoja, siku mbili nyuma ya Noeli, watu waliniletea mzee mmoja kwenye dispanseri, wamembeba juu ya kiti. Alikuwa na kiu kali, alikojoa kila mara, alipumua mbio mbio, wala hakujua tena ni siku gani. Mzee huyo alikuwa baba yangu mdogo. Miaka mingi alichimba kwa sururu, kisha akapewa kazi ya kulinda mlango. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na karata yake ya matibabu ilikuwa mfukoni. Siku ya Noeli alitembelea nyumba tatu. Kila nyumba ilimpa sahani iliyojaa, mandazi na sukre. Hakukataa hata mara moja.

Tulimpeleka hospitali kubwa, na kwa neema akapona. Alipoweza kusema nilimuuliza: «Baba mdogo, kwa nini hukuwaambia?» Akanijibu: «Mwanangu, mtu amechinja mbuzi kwa ajili yako. Utamwambia nini?»

Ndugu msomaji, nyumba ya tatu ilikuwa yangu. Sukre ya mwisho nilimfungulia mimi, muuguzi niliyeijua karata yake. Ndiyo sababu ninaandika somo hili.

1. KALORI NI NINI?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula. Kama vile gari linavyohitaji mafuta kupanda mlima, mwili nao unahitaji kalori ili moyo upige, mikono ifanye kazi, na damu ikae na moto wake.

Hesabu hii si ngeni katika kazi ya mine. Wakati wa ukoloni, makampuni ya mine katika Kongo yaligawia wafanyakazi posho, na waganga wa makampuni walihesabu kalori za posho hiyo ili mtu apate nguvu ya kuchimba. Wakati ule hofu ilikuwa mtu kukosa. Leo, katika nyumba moja, unaweza kumkuta mmoja anayekosa na mwingine anayezidisha.

Ukumbuke hesabu hii fupi. Gramu moja ya fufu kavu au ya sukari inatoa karibu kalori 4 au chini kidogo. Gramu moja ya pombe yenyewe inatoa 7. Gramu moja ya mafuta inatoa 9, yawe mawese, yawe mafuta ya duka.

Mtu anayepiga sururu na koleo mchana kutwa anaweza kuhitaji kalori 3500 kwa siku. Karani au mlinzi anayekaa anahitaji karibu 2400. Hapo ndipo baba mdogo alipokosea, na wengi wanakosea kama yeye: kazi ilibadilika, lakini sahani haikubadilika.

2. HESABU YA SAHANI MOJA

Tuangalie sahani ya Noeli ya mtu mzima. Hesabu ni za karibu, maana miiko ya mama zetu hailingani.

Fufu, sahani nzima: 500.
Wali, sahani ndogo: 330.
Sombe yenye vijiko viwili vya mawese: 300.
Nyama ya mbuzi iliyokaangwa: 330.
Mandazi matatu: 540.
Primus mbili kubwa: 600.

Jumla ni kalori 2600. Mlinzi amekula chakula cha siku nzima, na zaidi, katika kikao kimoja. Tena hatujahesabu chai ya asubuhi wala sahani ya jioni.

Sasa tubadilishe kidogo tu. Fufu nusu sahani: 250. Wali tuuache, maana fufu na wali vinafanya kazi moja. Sombe yenye kijiko kimoja cha mawese: 180. Mbuzi huyo huyo, lakini amechomwa: 210. Andazi moja: 180. Primus moja: 300. Kipande cha nanasi: 50. Jumla ni 1170.

Mbuzi yupo, sombe ipo, bia ipo, na nyimbo zipo. Tumeondoa kalori 1430, na hakuna aliyekaa na njaa. Mama, uangalie vizuri mahali zilipotoka: nyingi zilikuwa katika mafuta, katika mandazi, katika chupa, na katika kuweka vyakula viwili vya kushibisha kwenye sahani moja.

Ujue tena kwamba sukre ya sentilita 30 ina karibu gramu 30 za sukari, ni kusema vijiko vidogo sita au saba. Hakuna mtu anayetia vijiko saba katika kikombe kimoja cha chai, lakini chupa tunaimaliza bila kufikiri.

3. SIKU MBILI SI SIKU TISA

Mtu mzima mwenye afya hanenepi kwa sababu ya Noeli. Tatizo ni siku zilizo kati ya Noeli na Bonane. Ukianza tarehe 24 ya mwezi wa kumi na mbili na kumaliza tarehe 1 ya mwezi wa kwanza, unapata siku 9. Ukizidisha kalori 900 kila siku, unafika 8100. Kilo moja ya mafuta mwilini ni karibu kalori 7700. Basi umeongeza kilo moja, na mwezi wa pili kilo hiyo haijaondoka. Fanya hivyo miaka kumi, kisha uje kwangu unipe mkono nipime tansio!

Kwa hiyo: siku kuu iwe siku kuu, na siku ya kati iwe siku ya kawaida. Tarehe 26 mpaka 30 turudie maharagi, lengalenga, samaki, viazi na maji. Ukitaka kutembea ili kuchoma ulichokula, ni vizuri: saa moja ya mwendo wa nguvu huchoma karibu kalori 250 au 300. Lakini tembea mchana, katika njia yenye watu, na urudi mapema. Usalama wa nchi yetu mnaujua wenyewe.

4. NANI APUNGUZE, NANI ASIPUNGUZE?

Somo hili si la kila mtu. Mtoto mdogo asipunguziwe. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asipunguziwe. Anayenyonyesha anahitaji karibu kalori 500 za kuongeza kila siku. Mtoto mwenye miguu iliyovimba, nywele zilizobadilika rangi na uso wa huzuni, aletwe dispanseri leo, asingoje siku kuu kupita.

Katika nyumba nyingi baba anapewa mapaja ya kuku, na watoto wanapewa mchuzi. Papa, ukipunguza sahani yako, nyama uliyoiacha iende kwa mtoto. Hapo umefanya kazi mbili kwa mkono mmoja.

Anayepaswa kupunguza ni mwenye uzito mkubwa, mwenye tansio, na mwenye ugonjwa wa sukari. Mwenye tansio aangalie pia chumvi, hasa samaki wa chumvi na vijiti vya mchuzi vinavyouzwa dukani. Mwenye sukari ashike sheria hizi:

Usiache dawa yako siku ya siku kuu.
Usikae na njaa mchana kutwa ukingojea chakula cha jioni.
Usinywe pombe tumbo likiwa tupu, kwa sababu pombe pamoja na dawa inaweza kushusha sukari kwa ghafula.

Ukiona mtu anayetumia dawa ya sukari anatoka jasho, anatetemeka au anasema maneno yasiyoeleweka, naye bado anaweza kumeza, umpe sukre au maji ya sukari mara moja, kisha umlete. Hapo, na hapo tu, sukre ni dawa yake. Kama hawezi kumeza, usimtie kitu kinywani; mkimbize kwa mganga.

5. SOMO LA MWENYE NYUMBA

Wengine wanasema: «Desturi yetu haikubali mgeni akatae chakula.» Ninaijua desturi hiyo, nimelelewa nayo, na ni desturi nzuri. Lakini mkumbuke miaka ya Ebola, tangu mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Tuliacha kupeana mikono, sisi watu wa Beni na Butembo! Tuliweka ndoo ya maji mlangoni, na mgeni alinawa mbele ya kuingia. Mwanzoni watu walikasirika. Baadaye nani alimwona mwenzake kuwa mtu wa dharau? Tulijifunza kwamba kulinda uhai wa mtu ni heshima.

Basi tujifunze tena. Mwenye nyumba, usimjazie mgeni sahani. Weka vyombo katikati, kila mtu ajipakulie. Weka mtungi wa maji safi ya kunywa kando ya chupa, ili anayetaka maji asiombe kama mtu mwenye haya. Mgeni akisema «Mama, nimeshiba, asante,» jibu «Asante kwa kuja,» usiongeze mwiko. Na wewe mgonjwa, usifiche karata. Sema mapema kwa mwenye nyumba: «Mama, nitakula, lakini mganga amenipimia.»

6. POMBE NA KAZI YA KESHO

Chupa moja ya bia ya sentilita 72 ina karibu gramu 28 za pombe. Mwili unamaliza gramu 7 au 8 kwa saa, ni kusema karibu saa nne kwa chupa moja. Kahawa, kuoga au kulala haviharakishi kazi hiyo. Mtu aliyemaliza chupa tatu saa sita ya usiku, asubuhi saa moja anaposhika kazi, damu yake bado ina pombe. Asishuke, asiendeshe mashine, asishike baruti. Na kasiksi au kanyanga, ambayo hakuna aliyeipima, usiihesabu kuwa maji. Kapita, ukisikia harufu, mrudishe mtu nyumbani. Afadhali kupoteza siku moja ya kazi kuliko kupoteza mkono au mwenzako.

MAULIZO YA KUJIJARIBU

1. Mtu alikuwa mchimbaji, sasa ni mlinzi. Nini kingine kinapaswa kubadilika?
2. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina gramu 14. Ni kalori ngapi? (Jibu: 126)
3. Katika nyumba yako, nani anapaswa kupunguza, na nani anapaswa kuongezewa?

Ulizo la tatu mlijibu pamoja, mbele ya kununua mbuzi.

Baba yangu mdogo yu hai. Noeli iliyofuata alikuja tena kwangu. Nilimchomea nyama, nikamwekea maji, sikumfungulia sukre. Alikula polepole, akaimba kuliko sisi sote, na asubuhi akarudi kwake kwa miguu yake.

Noeli njema na Bonane njema kwenu nyote.

Muuguzi wenu wa dispanseri