Mvamizi Kwenye Ploti Yako: Mtoe kwa Notisi, Si kwa Nyundo

Ploti ni yako na hati unayo. Siku unayompeleka fundi kupima msingi, unakuta kibanda cha mabati, mahindi yamefika magotini, na mtu usiyemjua anakuuliza unamtafuta nani. Hasira itakutuma ukodishe vijana wabomoe usiku. Usithubutu. Nchini Kenya mwenye hati anayejichukulia sheria mkononi anaweza kuishia kizimbani, na mvamizi akawa ndiye mlalamishi.

Jua unayeshughulika naye
Mpangaji aliyeacha kulipa kodi si mvamizi. Mgogoro wake una njia zake chini ya sheria za upangaji. Jamaa uliyemruhusu alime aliingia kwa idhini, kwa hiyo anza kwa kuifuta idhini hiyo kwa maandishi. Jirani aliyesogeza ua ni suala la mipaka, na kwa kawaida hilo huanzia kwa msajili wa ardhi kabla ya korti. Fanya upekuzi kwenye sajili uhakikishe jina lako bado lipo, kisha mpima ardhi akuonyeshe mawe ya mpaka. Piga picha za yote uliyoyakuta, pamoja na tarehe.

Notisi ya miezi mitatu
Sheria ya Ardhi ya 2012, baada ya marekebisho ya 2016, inamtaka mwenye ardhi ya kibinafsi ampe mvamizi notisi isiyopungua miezi mitatu. Iwe kwa maandishi na ieleze masharti ya kuondoa majengo na kuvuna mimea. Kwa mfano: "Vuna mahindi yako na ubomoe kibanda kabla ya tarehe fulani." Nakala zipelekwe kwa naibu kamishna wa kaunti na kwa mkuu wa polisi wa eneo hilo. Wavamizi wakiwa kundi kubwa, notisi itangazwe pia katika magazeti mawili ya kitaifa au zaidi na kubandikwa mahali pasipopungua patano kwenye ardhi yenyewe. Weka ushahidi kwamba kila aliyestahili kuipata aliipokea.

Aliyepewa notisi ana haki ya kwenda kortini kuipinga. Muda ukiisha naye hajatoka, wakili wako aombe amri ya kumwondoa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, au kwa hakimu mwenye mamlaka ya kesi za ardhi, kulingana na thamani ya ploti.

Siku ya kumwondoa
Wanaotekeleza amri wajitambulishe na waonyeshe vibali vyao. Mwenye kibanda apewe nafasi ya kwanza ya kukibomoa mwenyewe na kuokoa mabati na mbao zake. Watoto, wazee na wenye ulemavu walindwe, mali iliyobaki ihifadhiwe, na nguvu ikitumika isizidi kiasi kinachohitajika.

Miaka 12 haikusubiri
Hapa ndipo wengi hupoteza ardhi. Mtu akikaa kwenye ardhi ya kibinafsi miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa yako, anaweza kuiomba korti imtambue kuwa mmiliki. Wenye ploti hudhani barua ya wakili inasimamisha hesabu hiyo. La hasha. Katika kesi ya Githu dhidi ya Ndeete, iliyoamuliwa 1984, Mahakama ya Rufaa ilisema kumwandikia mtu ahame hakutoshi: miaka husimama unapofungua kesi, unapoingia na kuitwaa ardhi kikwelikweli, au mvamizi mwenyewe anapokiri kuwa ardhi ni yako. Hata kuiuza hakuanzishi hesabu upya. Mnunuzi hurithi miaka iliyokwisha kupita.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa majirani na chifu liwe: huyu aliingia lini? Wakikuambia mwaka jana, una nafasi ya kufuata hatua hizi kwa utulivu. Wakikuambia mwaka wa kumi na moja unakaribia kwisha, usiishie kutuma notisi. Muone wakili wiki hii, kesi ifunguliwe kabla miaka haijatimia.