Linux Ndani ya Flashi: Kompyuta ya Kikundi Ikikataa Kuwaka



Vikundi vingi vina ile kompyuta ya kupewa, imekaa pembeni imefunikwa kitambaa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11. Ndiyo sababu vijana wetu wanajaribu Linux, ambayo ni ya bure na yaweza kuishi ndani ya flashi. Kazi yenyewe si ngumu, ila ina mahali pa kujikwaa.

Kwanza hesabu. Kabla hamjagusa kitu, nakilini orodha ya michango na mikopo kwenye flashi nyingine, muitoe, muiweke mbali. Kuandika Linux hufuta kila kitu kilichomo ndani ya flashi, na mtu akichagua diski isiyo yenyewe atafuta kompyuta nzima. Nacho kitabu cha mwekahazina cha karatasi kisitupwe, hata vijana wakicheka.

Sasa, flashi iko ndani lakini kompyuta inaenda tu kwa Windows. Ulizaneni: ile faili ilinakiliwa, au iliandikwa? Hapa ndipo wengi hukwama. Faili ya Linux, ile inayoishia na .iso, ukiitia kwenye flashi kama picha za harusi haitawasha kitu. Ni kama kuweka gunia la mbegu juu ya shamba ukangoja mahindi. Lazima iandikwe kwa programu ya kazi hiyo, kama Rufus au balenaEtcher. Flashi ya GB 8 yatosha kwa kujaribu. Baadaye Windows ikiwauliza kama mnataka kuisafisha hiyo flashi, kataeni.

Kama iliandikwa sawasawa, zimeni, washeni tena, na mara tu nembo inapotokea mbonyeze F12 mara kadhaa kwa Dell na Lenovo nyingi, au F9 kwa HP nyingi. Mtaona orodha, chagueni flashi. Isipoonekana, jaribuni tundu lingine.

Ikianza halafu ikakwama njiani, huenda faili ilifika nusu. Bando likiisha katikati hilo hutokea. Kwenye Windows andikeni certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Itatoka nambari ndefu. Ilinganisheni na ile iliyoandikwa mahali mlipopakua. Herufi moja ikitofautiana, pakueni upya. Tena kuna flashi za uongo, ati GB 64 na ndani hazifiki. Programu ya H2testw huzifichua.

Kioo kikibaki cheusi, mara nyingi ni kadi ya picha. Kwenye orodha ya kwanza ya Linux bonyezeni e, tafuteni mstari unaoanza na neno linux, mwishoni mwake mwongeze nomodeset, kisha F10. Na mkiambiwa mashine inahitaji x86-64, basi hiyo ni ya biti 32. Tafuteni Debian 12 ya mwaka 2023, kwani Debian 13 haina tena kiwekeo cha mashine hizo.

Jambo la kuogopwa zaidi ni hili. Mwanakikundi anaiweka Linux kamili kwenye flashi, inafanya kazi vizuri, anaenda nayo nyumbani. Asubuhi katibu anawasha kompyuta, anakuta maandishi meupe yenye neno grub, basi. Watu wanaanza kulaumiana. Faili kwa kawaida hazijapotea! Kiwashio cha Linux kiliwekwa kwenye diski ya ndani, nacho kinaitafuta flashi. Rudisheni flashi, itawaka. Kwa mashine za karibuni, fungueni ile orodha ya kuwashia mchague Windows Boot Manager. Kwa zile za zamani, fundi atatumia diski ya kurekebisha Windows na kuandika bootrec /fixmbr. Asikubaliwe kufuta diski kabla ya kujaribu hayo.

Kuzuia ni rahisi zaidi. Kama ni kompyuta ya mezani, chomoeni umeme, fungueni kasha, mtoe waya wa diski ya ndani, kisha mwekeni Linux kwenye flashi. Mkimaliza, zimeni, chomoeni umeme tena, mrudishe waya.