Mti Unaoua Samaki Unaweza Kutibu Fangasi?

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Nyumba ya Mungu. Dada mmoja wa jirani akaniita pembeni. "Mdogo wangu, wewe si unasoma mambo ya dawa? Nimeambiwa nichemshe magome ya mjunju nijisafishie, fangasi itaisha. Ni kweli?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba mti huo una dawa, hata watafiti wameupima.

Jioni nikamuuliza mjomba, ambaye amevua bwawani miaka mingi. Akacheka. "Magome ya mjunju? Hayo ukiyatwanga ukayamwaga kwenye dimbwi, samaki wanaelea." Usingizi ukaniruka. Nilikuwa nimempa mtu ushauri nusu.

Tuanze na adui mwenyewe. Kandida ni fangasi wa jamii ya hamira, na watu wengi wanaishi naye mdomoni, tumboni na ukeni bila shida yoyote. Shida huanza anapozidi, mfano baada ya kutumia antibayotiki, wakati wa ujauzito, au kinga ya mwili inaposhuka. Takriban wanawake watatu kati ya wanne hupata fangasi ya ukeni angalau mara moja maishani, kwa hiyo hakuna cha kuonea aibu hapa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliweka Candida albicans katika kundi la juu kabisa la fangasi wanaohitaji utafiti wa haraka. Dawa tulizonazo ni chache, na usugu unaongezeka.

Ndiyo maana watu wanageukia mimea. Mwaka 2006 watafiti wa Muhimbili walichapisha matokeo ya kupima makumi ya mimea ya Tanzania dhidi ya Kandida. Mjunju, kitaalamu Balanites aegyptiaca, ulikuwa miongoni mwa iliyofanya vizuri. Ni mti wa miiba mirefu unaostahimili nchi kavu kama tambarare zetu za chini ya Milima ya Upare.

Sasa, unafanyaje kazi? Mjunju una saponini, kemikali zinazotoa povu kama sabuni. Saponini hushikamana na steroli zilizo kwenye utando wa seli. Utando unatoboka, vilivyomo vinavuja, seli inakufa. Utando wa Kandida una ergosteroli. Wa samaki, na wetu sisi, una kolesteroli. Hizi mbili ni kama ndugu wa tumbo moja: zinafanana kuliko zinavyotofautiana. Kwa samaki saponini hupitia kwenye mashavu anayopumulia. Konokono nao hawaponi: mwaka 1933, huko Sudan, Archibald alipendekeza matunda ya mti huohuo yatumike kuua konokono wanaobeba kichocho.

Kwa hiyo dada na mjomba walikuwa wanazungumzia kemikali za aina moja. Swali la mtafiti haliishii kwenye "inaua fangasi?" Hata jiki inaua fangasi. Swali ni: kiasi kinachoua fangasi kiko mbali kiasi gani na kiasi kinachomdhuru mgonjwa?

Ndiyo maana maabara hupima mara mbili. Kwanza, dawa inazimuliwa nusu kwa nusu hadi kipatikane kiasi kidogo kabisa kinachozuia Kandida kukua. Pili, kiasi hicho kinajaribiwa kwenye seli za binadamu, zikiwemo chembe nyekundu za damu, ambazo saponini nyingi huzipasua. Namba hizo mbili zikikaribiana, hapo bado hakuna dawa, hata kama sahani ya kwanza ilipendeza vipi.

Hili si la mitishamba peke yake. Nistatini, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1950 na Elizabeth Hazen na Rachel Brown kutoka kwa bakteria wa udongoni, nayo hushika ergosteroli. Ni sumu mno kuchomwa kwa sindano, lakini inatumika salama mdomoni na kwenye ngozi kwa sababu hainyonywi sana mwilini. Kilichoifanya iwe dawa ni kujua dozi yake na mahali pake. Mjunju haujafika hapo. Sufuria ya magome haina dozi: umri wa mti, msimu na muda wa kuchemsha vyote vinabadilisha kiasi cha saponini, na ngozi ya ukeni ni laini.

Asubuhi nilirudi kwa yule dada. Nikamwambia, "Dada, jana nilikosea." Nikamweleza kwamba kuwashwa na uchafu vinaweza kusababishwa na magonjwa mengine pia, hivyo apime kwanza zahanati, na kama ni fangasi kweli, dawa zipo. Akaniuliza, "Kwa hiyo mti hauna dawa?"

Nikamwambia unaweza kuwa nayo. Kazi ya kuitenganisha na sumu ndiyo hiyo tunayoisomea.